Tanzia Iliyotangulia

Sikilizeni wanangu, na wewe kitindamimba weka simu chini, leo humu ndani habari ni mimi tu.

Jana nilipozimia mama yenu alipiga ukelele, na kabla hajamaliza kuninywesha maji nikazinduka, nikasikia uani watu wanapanga viti vya msiba, kumbe gazeti langu mwenyewe, hilo mlilolihamishia mtandaoni, limeshatangaza kwamba nimekufa. Tanzia ile naijua, wazee kama mimi huandikiwa mapema ikawekwa akiba, na niliihariri kwa mkono wangu. Imeandikwa vizuri, ila mimi bado nipo.

Kitinda, wewe uliyeitangaza, hukunikasirisha kwa kuniua. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa sebuleni, mlango wangu uko palepale, na hukuja kutazama. Unasema wenzetu wa magazeti mengine wangetutangulia. Wangetutangulia, basi. Sisi habari ya kifo haikwenda mtamboni mpaka mwandishi afike nyumbani kwa marehemu, apige hodi, asikie kwa ndugu wa damu. Tulichelewa, tukachekwa sana, lakini watu walingoja gazeti letu ndipo waanze kulia. Mitambo ilikuwa vyuma tu, nimeiuza wala siikumbuki. Ile imani ya watu ndiyo iliyokuwa mali yangu, na najuta kuiona ikiisha nikiwa hai.

Na jana aliyepiga hodi ni nani? Ni Miwani, mhariri wa gazeti pinzani, tuliyenuniana naye tangu ujana wetu. Alipita katikati ya waombolezaji na mkongojo wake, akagonga mlango, akauliza, "Bwana, upo?" Nikamwambia nipo. Akakaa kitandani hapa akalia, nami nikalia. Ugomvi ule umekwisha, msiurithi.

Nyumba nakuachia wewe binti yangu mkubwa, umtunze mama yenu humu humu. Gazeti ni la kitinda. Hulistahili, baba, lakini wenzako hawalitaki, na mimi sina mwingine.

Nipeni maji... Haya. Nikifa kweli, usiandike kwanza. Ingia, uniite. Nisipoitika, ngoja, uniite tena, unishike mkono. Kisha mpigie Miwani. Atakuuliza kama umeniona kwa macho yako, nawe uweze kumjibu.

Mungu awalinde, awapatanishe, awape subira... subira hasa wewe. Nimechoka. Nendeni mkale. Funga mlango, kitinda, na ukirudi, mwanangu... piga hodi.