Albano Polikarpo, Aliyehesabu Vidole Ndotoni (1904–1956)

Marehemu Albano Polikarpo alizaliwa mwaka 1904 karibu na Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Polikarpo, mchonga vinyago, na Mama Anjelina. Alisoma shule ya misheni miaka minne, akatoka na mwandiko mzuri na mazoea ya kuuliza “Umejuaje?”, swali lililompatia viboko vingi.

Mwaka 1928 alikuja Dar es Salaam kwa meli kutoka Lindi, akaajiriwa useremala katika karakana ya Bwana Haiderali, alikofanya kazi hadi alipougua. Huko, mwaka 1934, msumeno ulimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Alifunga ndoa na Adelina mwaka 1931, wakajenga Temeke.

Mwaka 1945 alishikwa na homa kali. Alipozinduka alisema amejiona kitandani, naye yuko juu kwenye boriti, akiutazama utosi wake mwenyewe. Mama Adelina akasema ni homa tu. “Umejuaje?” akauliza marehemu.

Tangu hapo, Jumapili nyingi baada ya chakula cha mchana, Mama Adelina aliweka kitu kidogo juu ya boriti bila kumwonyesha: kifuu, kijiko, kishikizo. Marehemu alilala, akijizoeza kuutazama mkono wake wa kushoto ndotoni. Akikuta vidole vitano, alijua yumo ndotoni, ndipo akajaribu kupanda aangalie. Akiamka, alitaja alichokiona, mkewe akakishusha kilichokuwapo, yote mawili yakaandikwa daftarini.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni mwanga, anauacha mwili akaroge. Ndiyo maana alilala mchana, mlango wazi, atakaye aingie ashuhudie. Siku moja jirani yetu Mzee Mfaume alimwuliza Mama Adelina kisimani, “Shemeji, huyo bwana wako anarukia wapi?”

“Aruke wapi, shemeji! Nimemwekea limau, kaniletea habari za nyundo. Mwanga gani asiyefika kwenye boriti ya nyumba yake?”

Mzee Mfaume alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Wengine hawakucheka. Mwaka jana wawili walihama benchi kanisani marehemu alipoketi, na hilo lilimuuma kuliko kifua kilichokuja kumuua.

Jumapili iliyopita, tarehe 11 Machi, aliamka akamwambia mkewe, “Mama Margareta, leo juu hakuna kitu.” Ilikuwa kweli. Kwa kumuuguza, Mama alikuwa amesahau. Akaruka kwa furaha: “Baba Margareta, umeona! Sasa watanyamaza!”

“Sikuona. Vidole vilikuwa vinne. Nimekisia, maana nakutazama huna nafasi hata ya kula. Andika hivyo.”

Mama aliandika, huku analia. Jumatano, saa nane mchana, mlango ukiwa wazi, Albano Polikarpo alifariki.

Daftari liko hapa mezani. Lina majaribio mia nne na kumi na mawili. Mara tisa alipatia, na mbele ya kila moja ameandika: “Huenda ni bahati.” Waliohama benchi wanakaribishwa kulisoma.

Ameacha mjane, Adelina; mabinti wawili, Margareta na Tunu; na wajukuu watano.

Bwana ampumzishe kwa amani, na atakapoutazama mkono wake, akute vidole vitano.