Mikebe Sabini na Miwili

Ndugu waombolezaji, majirani, na wote mliosimama juani kwa ajili yetu, familia imenipa mimi, dada mkubwa wa marehemu na muuguzi mstaafu, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, na kwa kuwa karatasi ya namna hii haiandikwi kwa kujitaja, humu ndani mtasikia nikiitwa dada yake.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, alfajiri, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi bomba na mama mfua nguo wa hoteli, akatoka kimya, mkunga akampiga makofi mawili ndipo akalia, na mama alizoea kusema kwamba hata hapo alilia kwa kuwaridhisha watu tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, baada ya kurudishwa nyumbani mara mbili kwa kosa la kutazama dirisha badala ya ubao, kisha akasoma sekondari hadi 1974, na baba alipomuuliza anataka kufanya kazi gani maishani, alijibu kwamba anataka kutazama, jibu lililomlaza njaa siku hiyo.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika idara ya filamu ya serikali, kwanza kama msafishaji wa filamu katika chumba cha giza, mikono ndani ya dawa hadi kucha zikawa za kahawia, baadaye kama mpiga picha, akizunguka na wakubwa wakikata tepe, mpaka tarehe 11 Juni 1988 alipotumwa kwenye ufunguzi wa daraja, akarudi na dakika tisa za miguu ya watu waliokuwa wakisubiri juani, mgeni rasmi haonekani hata kofia, na Jumatatu yake akapewa barua ya kuachishwa kazi, wenzake wakimkana.

Tangu hapo alitengeneza filamu zake mwenyewe, kumi kwa jumla, akijikimu kwa kupiga picha za harusi, ambako nako maharusi walilalamika kwamba wamepigwa migongo. Iliyojulikana zaidi ina dakika hamsini na mbili, inaonyesha ukuta uliopakwa chokaa ukikauka, nayo ilionyeshwa tarehe 20 Septemba 1991 katika ukumbi wa maktaba, wakaingia watu kumi na tisa, wakabaki wanne, dada yake akiwa mmojawapo, na ukweli usemwe, dada alibaki kwa sababu alikuwa amesinzia. Kila alipoulizwa kama filamu inayofuata imekwisha, alijibu bado, hadi watoto wa mtaani wakamwita Mzee Bado, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na mshonaji wa sare za shule, wifi yetu huyu mnayemwona, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mwana mwaka 1990, na wifi alivumilia mengi, likiwemo sinki la jikoni ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na filamu nyingi kuliko vyombo.

Kazi aliyoiweka moyoni kuliko zote ilikuwa ya mama. Kuanzia Aprili 1997, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alimpiga mama filamu akikunja nguo mezani, mkebe mmoja, dakika tatu kasoro, akaufunga kwa utepe mweusi, akaandika tarehe na nani alikuwepo, maana marehemu aliandika juu ya kila kitu, hata chupa ya dawa ya kikohozi, kisha akausukuma chini ya kitanda bila kusafisha filamu iliyomo, kwa sababu alitaka zote zisafishwe kwa mpigo mmoja, kwa dawa ileile, ili rangi ya mikono ya mama isibadilike mwaka hadi mwaka. Mama alimtania kwamba anapigwa picha miaka sita na hajajiona, akaambiwa bado.

Mama alifariki ghafla, kwa moyo, Alhamisi, tarehe 6 Machi 2003. Kesho yake ilitakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza, marehemu alikuwa kwa seremala, akamtuma dada yake apekue chumba chake yeye marehemu, dada akapekua kabati, akapekua masanduku, akaishia chini ya kitanda, na kwa kuwa mama aliweka kila kitu kwenye mikebe, vifungo, risiti, hata picha za pasipoti, akaona bila shaka ni humu. Akaufungua wa kwanza, akaivuta filamu yote, akainyoosha dirishani kwenye jua apate kuona, hakuona kitu, akafungua wa pili. Aliifungua yote sabini na miwili, ndugu zangu, asubuhi nzima, kwa bidii, kisha kwa kuwa utepe mweusi ulikuwa umechanika, akaifunga upya kwa plasta nyeupe ya hospitali iliyokuwa mkobani mwake. Mama akazikwa bila picha.

Mwezi Mei marehemu aliingia na mikebe ile gizani, siku tatu, filamu zikatoka nyeusi tupu kama lami, akatuita mezani akasema dawa ilikuwa imepitwa na wakati, kosa ni lake. Binti yake alipomuuliza kwa nini kazi hiyo hufanywa gizani, alimweleza kwamba filamu isiyosafishwa haistahimili hata mwanga wa kiberiti, na dada yake alikuwa amekaa palepale, kijiko mkononi, akaelewa. Hakusema. Alijiambia atasema kesho, na kesho hiyo ikawa miaka ishirini na moja. Marehemu hakushika kamera tena.

Alianza kusumbuliwa na mapafu Novemba 2022, akalazwa tarehe 29 Julai 2024, dada yake akimuuguza, kila siku akijiambia leo namwambia, kila siku akimpima homa na kuondoka, hadi Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, saa kumi jioni, alipokata roho.

Hapa karatasi imenishinda, nitasema mimi.

Ijumaa ilitakiwa picha ya jeneza hili, nikatumwa tena mimi, kitanda kilekile. Mikebe ipo, na plasta yangu ipo, na juu ya plasta ameandika kwa mkono wake: tarehe 7 Machi 2003, imefunguliwa na dada, akitafuta picha ya mama, nilimtuma mimi, asiambiwe. Nikageuza wa pili, yaleyale. Yote sabini na miwili ameandika asiambiwe. Kumbe alijua kabla ya kuingia gizani, tangu alipoiona plasta, na bado akasafisha filamu moja baada ya nyingine, pengine kuna kidole cha mama kilichosalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mlioleta maji na viti, wenzake wa idara mliokuja ingawa mlimkana, na wale watatu wa maktaba waliobaki wakiwa macho. Picha mnayoiona juu ya jeneza tumeikuza kutoka kwenye kitambulisho, hakuwa na nyingine.

Mdogo wangu, ni mimi niliyeifungua. Ulijua, nami nilijua, tukakaa meza moja miaka yote hiyo. Pumzika kwa amani.