Aganze Bisimwa, Mhakiki wa Magemu Yasiyo na Kampuni

Wapendwa mliofika, ndugu Aganze Bisimwa, ambaye amelala hapa mbele yetu kimya kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika mji wa Bukavu, mtaa wa Kadutu, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Bisimwa, fundi wa redio, na mama Nabintu, muuza samaki, na kwa maneno ya mama yake mwenyewe alitoka tumboni na uso wa mtu aliyekuja kukagua.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kadutu mwezi Septemba 1972, akaendelea na sekondari, akarudishwa darasa mwaka mmoja kwa kosa la kumsahihisha mwalimu wa fizikia mbele ya mkaguzi, akahitimu na kupata diploma ya serikali mwezi Julai 1986, kisha akaingia katika karakana ya baba yake, alikotengeneza redio za mji mzima kwa miaka kumi, na ikiwa ulimletea redio nzima ukidai ni mbovu, alikueleza kwamba kibovu ni kituo unachosikiliza.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na bi Marlène, ambaye yuko hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gisèle, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1994, na Israël, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1998 katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa maana mwezi Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu na familia ikatoka mbio, mama na mtoto mgongoni, baba na mkoba mmoja, na walipofika salama na kuufungua, bi Marlène alikuta kwamba mumewe ameacha vyeti vyote mezani na amebeba pasi ya mkaa. Chekeni tu, naye alicheka, ingawa ilimchukua miaka.

Waliingia Birmingham tarehe 11 Februari 2004, wakapewa nyumba Shard End, na kuanzia Mei 2005 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha springi kule Aston, akikagua springi moja moja kwa jicho na kidole, kazi aliyoifanya hadi alipougua.

Sasa tumefika mahali ambapo kamati ya mazishi iliirudisha karatasi hii ikiwa na mstari mwekundu juu ya ukurasa mzima, na pembeni pameandikwa, kwa mwandiko tunaoujua, “Weka tu: marehemu alipenda kompyuta.” Familia imekaa, familia imesoma, familia imekataa. Kusema Aganze alipenda kompyuta ni kama kusema mchungaji wetu anapenda kipaza sauti.

Mwaka 2005, katika kozi ya bure ya kompyuta maktabani, Aganze alikutana na magemu madogo, yale ambayo hayatoki kwenye kampuni kubwa wala hayauzwi madukani, yanayotengenezwa na mtu mmoja chumbani mwake kwa miaka miwili na kuachiwa kwenye intaneti kama barua isiyo na anwani, na kilichomkera tangu siku ya kwanza ni kwamba hakuna aliyewajibu hao watu. Basi tarehe 14 Januari 2006 alifungua tovuti yake, Cheza Kwanza, akaanza kuwajibu kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza alichopigana nacho mieleka, na kabla hajaugua alikuwa amehakiki magemu mia moja na thelathini na saba, kila moja akilicheza mara tatu hadi mwisho kabla ya kuandika neno, kwa sababu mara ya kwanza, alisema, unajiona mwenyewe, ya pili unamwona aliyelitengeneza, ya tatu ndiyo unaliona gemu.

Kila Jumamosi alipanda basi kisha treni hadi Selly Oak, kwenye nyumba ya wanafunzi ya Lalita, binti wa mzee Jayantilal aliyefukuzwa Jinja mwaka 1972 pamoja na Wahindi wenzake, waliopewa siku tisini waondoke, na hapo watu wanane au tisa walijadili gemu moja mchana kutwa, kwa sharti kwamba asiyelimaliza hasemi, anachemsha chai. Msomaji wa karatasi hii amechemsha chai nyingi sana Selly Oak.

Na sisi tulisemaje? Tulisema mtu mzima anacheza vitu vya watoto, tulimwita Papa Play Station barazani, hapo nje, baada ya ibada, na mzee Léopold, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati, alimwuliza mbele ya watoto wake, “Aganze, utaacha lini, ao unangojea kupata hakili ya mutu mukubwa?” naye akajibu, “Mzee, nangoja wewe uanze, tuache pamoja,” watu wakacheka, yeye akaenda zake, na wengi wenu hamkujua kwamba siku hiyo alikataa kula.

Tarehe 9 Juni 2009 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mnamo Julai akalazwa, wakati ule ule akiwa amecheza mara mbili gemu ambalo Lalita alikuwa amelitengeneza kwa miaka mitatu, gemu la nyumba ya mfanyabiashara wa Jinja mwaka 1972, lenye siku tisini na sanduku moja, na mchezaji anaamua nini kiingie na nini kibaki. Lalita aliyaandikia magazeti mawili ya magemu, moja likanyamaza, la pili likauliza adui yuko wapi, na aliyebaki duniani wa kulisoma gemu hilo kwa haki alikuwa Aganze, aliyekwisha kujaza daftari mbili na kurasa kumi na moja za kompyuta, akiwa amebakiza kucheza mara ya tatu.

Jumamosi tarehe 18 Julai, saa nane mchana, bi Marlène akiwa wodini, wazee wanne wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na mzee Léopold, walibisha mlangoni Shard End. Gisèle, mwenye miaka kumi na minne, aliwafungulia, kwa sababu ndivyo tulivyomlea, mtoto hafungi mlango usoni mwa tonton, mjomba wa heshima. Waliomba. Walipaka mafuta keyboard, kutoka A mpaka Z, kisha wakaing'oa kompyuta, diski zote na zile daftari, mtoto akisema, “Tonton, please, hiyo ni ya Papa,” wakapeleka vyote jalalani, na jioni mzee Léopold akampigia bi Marlène simu, “Maman Gisèle, tumekusaidia, ile maladie ilikuwa inapita mu ile machine.”

Ndugu zangu, kama pepo lilikuwa mle ndani, mbona mliliendesha kwa gari maili tatu, mkiwa mmekaa nalo kiti cha nyuma? Na kama saratani hupitia kwenye kioo, mbona televisheni ya sebuleni mliiacha? Ndiyo, ilikuwa inaonyesha mpira.

Aganze aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 24 Julai, daktari akiwa amemwambia kuwa zimebaki wiki, akaingia chumbani akaona meza yenye vumbi na katikati yake mraba safi, na bi Marlène, aliyekuwa amejiandaa kwa kilio au matusi, alisikia swali moja tu.

“Walicheza?”

“Nani, baba Gisèle?”

“Hao. Walicheza hata kidogo kabla ya kutupa?”

Alipoambiwa hapana, alikaa kitandani na hasira ambayo mkewe hakupata kuiona Bukavu wala kambini, akasema vita vilimnyang'anya nyumba bila kumjua, hilo alilielewa, lakini hawa walikuwa wanamjua.

Lalita alileta kompyuta yake mwenyewe, akaiweka juu ya mto, akatoka, kwa sababu marehemu hakuruhusu mwenye gemu akae chumbani, na kwa siku tisa Aganze alicheza mara ya tatu, nusu saa kwa siku, mkono ukichoka anapumzika, kisha akaanza upya uhakiki wote kutoka kichwani, akiutamka kwa Kiswahili, naye Gisèle, ambaye tangu wafike Birmingham aliongeleshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, akauandika jinsi alivyousikia, akiuliza, “Papa, how do you spell that?” na baba akijibu, “Andika tu, kosa tutalifukuza kesho.”

Ulichapishwa Ijumaa tarehe 21 Agosti, na haukuwa wa kubembeleza. Alisema ni gemu la kwanza lililomfanya afunge macho, kisha akasema lina uongo mmoja, kwamba mwishoni, mpakani, linampa mchezaji alama kwa kila kitu cha maana alichookoa na kumkata kwa kila cha upuuzi, na maneno yake ni haya: “Mtu anayekimbia hubeba pasi. Hakuna mwanajeshi aliyempa mtu alama mpakani. Futa alama, Lalita, muache mtu avuke na upuuzi wake.”

Lalita alikuja mbio kutoka Selly Oak akiwa na machozi, akamfokea mgonjwa kwa Kiswahili cha jikoni alichorithi kwa baba yake, “Uncle, umeua gemu yangu!” naye akamjibu, “Anayekufa ni mimi, mtoto, usininyang'anye zamu.” Kesho yake Lalita hakulala usiku kucha, na asubuhi alileta gemu lisilo na alama, Aganze akaliangalia mpaka mpakani, akatikisa kichwa kwa kukubali, na siku hiyo hiyo, Jumapili tarehe 23 Agosti 2009, saa kumi na dakika ishirini jioni, akafariki, mkewe na watoto wake wakiwa wamemshika. Kuanzia hapo hadi asubuhi ya leo gemu hilo limechezwa na watu elfu sita, na wengi wamelifikia kupitia uhakiki ule, kwa Kiswahili cha Gisèle chenye makosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomwambia ukweli bila kumpaka mafuta, wafanyakazi wenzake wa Aston, waliosimamisha mashine dakika moja, na jirani Kulwant, asiyejua gemu wala sala zetu, aliyeingia jalalani kwa mikono mitupu kuitafuta kompyuta hadi walinzi wakamtoa. Mzee Léopold, viti mlivyokalia amevileta yeye, na kwa viti tunamshukuru, kwa lile jingine hajaomba radhi na sisi hatujasamehe, wala hatutadanganya mbele ya jeneza ili chakula kishuke vizuri.

Pumzika kwa amani, baba Gisèle. Hasira tuachie sisi.