Mama Nyoosha na Ute wa Yai

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Mwenye aibu aiweke kando, maana leo tunamkumbuka mwanamke aliyeidharau aibu kuliko alivyowadharau wavivu. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya wanawake. Alifariki wiki iliyopita, usingizini. Wengi mlimjua kama Mama Nyoosha.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Mtu akiingia, akanong'ona, "Sista, huku chini hakuko sawa," yeye alimtazama juu ya miwani. "Chini wapi? Kwenye nyayo? Nyoosha maneno, mama, nikutibu." Walitoka wamenuna. Kisha walirudi na dada zao.

Alichokidharau kuliko vyote ni vichupa. Vile vichupa vya "kusafisha ndani", wanavyouziwa wanawake wazima wenye afya zao. "Mdomoni una mate," aliwaambia. "Umewahi kununua dawa ya kuyamaliza?"

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Muuzaji hodari wa vichupa hivyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mama huyo hajui hata tumbo la uzazi liko upande gani, ila kwa kushauri hana mpinzani.

Sasa sikilizeni. Mama Nyoosha alikuwa na mwana mmoja, fundi wa majokofu. Fundi alioa karani wa bohari, binti mpole. Miaka ikapita, mtoto hakuna. Wifi mtu akaanza: "Huyu arudishwe kwao. Jina la kaka yangu litafia hapa?" Kikao cha ukoo kikaitishwa Jumapili. Karani akaanza kukunja nguo zake.

Jumamosi asubuhi Mama Nyoosha alikwenda kwa mwanawe kunywa chai. Sebuleni akakuta blanketi na mto kwenye kochi.

"Nani kalala hapa?"

"Mama, hayo si ya kuzungumza na mzazi," fundi akasema.

"Nyoosha maneno."

Fundi akajikuna shingo. "Huyu mwenzangu kila mwezi anachafuka. Akitoka hedhini yuko sawa. Baadaye kidogo yanaanza majimaji, yanavutika. Shangazi anasema ni ugonjwa, labda kautoa nje ya ndoa. Basi nampisha mpaka akauke."

Karani alikuwa karibu na jiko, machozi yakimtoka. Mama Nyoosha akamgeukia. "Mwanangu, kunawasha? Kunanuka?"

"Hapana, mama. Kuliwasha nilipotumia kile kichupa cha shangazi. Nilipokiacha, kukatulia."

Mama Nyoosha akachukua yai, akalipasua kwenye sahani ya mwanawe. Akachovya vidole viwili, akavitanua mbele ya pua ya fundi. Ute ukavutika.

"Ndiyo haya?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Basi sikiliza, bwana mkubwa. Damu ikikata, mwanamke hukaa mkavu. Kisha ute huja mzito, mweupe, wa kunata. Yai lake la uzazi likikaribia kutoka, ute huwa mwepesi, angavu, wa kuteleza, kama huu. Mbegu yako hupita humo. Yai likishatoka, ute unakuwa mzito tena, au unakauka. Hizo siku za kuteleza ndizo siku za kupata mimba. Na wewe ndizo unazobebea blanketi!"

Karani anakumbuka vizuri yaliyofuata. "Alimwangalia mume wangu kama jokofu lililoozesha nyama. Akamwambia, 'Unangoja mvua ikatike ndipo upande? Halafu unalilaumu shamba?'"

Wasikilizaji wapendwa, narudia, kwa mwenye redio mbovu na kwa mwenye kichwa kigumu. Ute kubadilika ndani ya mwezi ni kawaida. Kila mwanamke ana mzunguko wake. Ndani hakuoshwi, kunajisafisha kwenyewe. Nje maji yanatosha. Ila ute ukinuka vibaya, ukiwasha, ukiwa wa kijani au wa kijivu, ukiwa wa mabonge kama maziwa yaliyokatika, au ukija na maumivu au damu isiyo ya hedhi, nenda kliniki. Kliniki, si kwa wifi.

Jumapili kikao kilikaa. Mama Nyoosha aliyasema hayohayo mbele ya wajomba na baba wadogo. Wazee wazima wale, wenye watoto na wajukuu, wakaangalia viatu vyao kama vina maandishi. Fundi naye akakohoa tu. Hakufungua mdomo kumtetea mkewe. Lakini karani hakurudishwa kwao, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike.

Mnadhani wifi alinyamaza? Thubutu! Akatangaza kuwa mtoto ameletwa na kichupa. Biashara ikapamba moto. "Hata mke wa mtoto wa muuguzi katumia!" Mama Nyoosha aliishi na uongo huo hadi siku yake ya mwisho.

Na msibani, wasikilizaji, kaburi bado bichi, wifi huyo alikaa na kina mama nyuma ya turubai, mkoba wazi mapajani. Alikuwa akimpa kichupa bi arusi mmoja wa juzijuzi. Fundi akamwona. Akaondoka kwenye viti vya wanaume, akapita katikati ya watu wote, akasimama mbele yake. Aliyosema, kila mtu aliyasikia.

"Shangazi, mke wangu hakuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga, na mwalimu wangu ulikuwa wewe."

Bi arusi akakirudisha kichupa.

Poleni sana fundi, karani na binti yenu. Pole pia kwako wewe wifi. Umefiwa na mtu aliyekuwa akikwambia ukweli, na hukuwa nao wengi. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwetu leo, ni nani anayelala na aibu tuliyomtwisha kwa ujinga wetu?