Nathanieli na Magesa: Nani Alikuwa Mkubwa?

Wasikilizaji wapendwa, kaeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Nathanieli Buberwa wa Kitendaguro, hapa Bukoba. Nathanieli Buberwa, mpiganaji wa ngumi na mateke. Tulimzika Jumamosi.

Ukipita sokoni wiki hii utawasikia watu kwenye benchi la Omary kinyozi. Wanatafuna buni za kahawa na wanabishana. Katika wapiganaji wote wa ngumi na mateke waliowahi kutokea mkoa wetu, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Nusu wanasema Nathanieli. Nusu wanasema Magesa. Ubishi huo una miaka mingi sasa, na ndio uliomtesa marehemu maisha yake yote. Nathanieli alikuwa na wivu, wasikilizaji. Mkewe, mama Georgina, ameniomba nisiufiche. Alisema, "Ukimsimulia Nathanieli bila wivu wake, utakuwa unamsimulia mtu mwingine."

Basi tuanzie vitani.

Mwaka sabini na nane, Nathanieli alikuwa kijana wa mgambo. Majeshi ya Uganda yalipoingia Kagera, naye akaenda mstari wa mbele. Huko kambini, koplo mmoja alikuwa anafundisha wenzake kupigana kwa mikono na miguu. Nathanieli alirudi mzima, na alirudi na mateke. Akaanza kufundisha vijana katika ghala tupu la kahawa, karibu na bandari. Kabla yake mji huu haukuwa na mchezo huo. Yeye ndiye aliyeuleta.

Ndipo akaja Magesa.

Magesa Mayenga alikuwa mvuvi kutoka Ukerewe. Alikuwa amehamia kisiwa cha Bumbire, huko Muleba, na alikuwa analeta samaki Bukoba. Siku moja alisimama mlangoni pa ghala akatazama mazoezi. Akaomba kujaribu. Nathanieli akampokea. Magesa akamwita mwalimu, na aliendelea kumwita hivyo hadi mwisho.

Lakini mwanafunzi huyu alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu. Ulipanda bila kukuonya. Muda si mrefu akina mama wauza samaki walikuwa wanakuja ghalani kumshangilia. Jina la Magesa likawa linatajwa kwanza, la Nathanieli baadaye.

Mama Georgina anakumbuka. "Alikuwa anatoka asubuhi kwenda nyuma ya nyumba, anapiga mgomba kwa mguu wa kushoto. Anataka teke la Magesa. Aliangusha migomba mpaka mama mkwe akalia. Mimi nikakosea siku moja nikasema teke la Magesa linapendeza. Waitu! Wiki nzima hakugusa chakula changu."

Walikutana ulingoni mara moja tu. Nasema tena, mara moja tu. Ilikuwa Sabasaba ya mwaka themanini na tano, mjini Muleba. Raundi tatu zilikwisha, hakuna aliyeanguka. Ya nne ikaanza, mvua ikamwagika, ulingo ukawa tope. Refa akasimamisha pambano na kutangaza suluhu. Wakapeana mikono, wakaahidiana kurudiana.

Kesho yake Omary kinyozi, akiwa anamnyoa, akasema mbele ya watu, "Mvua imemwokoa Nathanieli." Nathanieli akaondoka na nusu ya ndevu zake.

Hawakurudiana. Miaka ile, wasikilizaji, mnaikumbuka. Ulikuja UKIMWI, ugonjwa ambao hapa kwetu tuliuita Juliana. Nyumba zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Bernadeta, mke wa Magesa, alitangulia. Kisha habari zikaja na mitumbwi ya samaki kwamba Magesa mwenyewe amekonda, hawezi kuvuta nyavu.

Pale kwenye benchi wakamwambia Nathanieli, "Sasa umebaki peke yako. Wewe ndiye bingwa."

Akawajibu, "Bingwa wa kumpiga nani?"

Akapanda mtumbwi wa injini akaenda Bumbire. Alimkuta Magesa amelala kwenye mkeka, na binti yake mdogo, Kezia, ameketi pembeni.

"Inuka," Nathanieli akamwambia. "Mimi na wewe hatujamalizana."

Magesa akatabasamu. "Mwalimu, umekuja kuniona au kunipiga?"

"Kukupiga. Lakini kwanza upone."

Akawachukua wote wawili, baba na mtoto, akawaleta nyumbani kwake Kitendaguro.

Mama Georgina hafichi kitu. "Niliogopa. Nilimwambia tuna watoto humu ndani. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Yeye akasema, hutamgusa, nitamhudumia mwenyewe. Na kweli. Alimwogesha, alimfulia, alimlisha ebitooke, ndizi zilizopondwa kama za mtoto. Huku anamfokea: kula, nikupige!"

Alitaka Magesa apone. Alitaka apone ili amshinde. Na humo humo katika kumuuguza, wivu haukumwacha. Vijana wa ghalani walipopata ujasiri wa kuja, walikwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Magesa aliwaelekeza kwa mkono jinsi nyonga inavyotangulia kabla ya mguu. Nathanieli alisimama nje ya dirisha akisikiliza. Baadaye alimlalamikia mkewe, "Hata kitandani wanamfuata yeye."

Jioni moja Magesa alimwita. Mama Georgina alikuwepo.

"Mwalimu, ile siku ya mvua."

"Imefanyaje?"

"Nilikuwa nimekwisha. Miguu ilikuwa inatetemeka. Ungenisukuma kidogo tu, ningeanguka."

 Nathanieli alitoka nje akakaa kwenye kibanja, katikati ya migomba, mpaka giza likaingia. Alipokuwa anarudi ndani alimwambia mkewe, "Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Kama ananihurumia, basi hata kwa wema amenishinda."

Magesa alifariki mwaka themanini na saba.

Nathanieli akasema Magesa atazikwa Nyanga, kwenye kibanja cha baba yake. Ukoo ukakataa. Munyamahanga azikwe kwenye kibanja chetu? Mtu wa kuja? Nathanieli aliwasikiliza wote, kisha akashika jembe akaanza kuchimba. Akasema, "Nikimrudisha kisiwani, watasema nimemkimbia."

Kezia akabaki. Nathanieli alimlea pamoja na watoto wake. Leo, miaka kumi baadaye, yuko kidato cha tatu. Niliongea naye baada ya mazishi, na nilimwomba ruhusa niyaseme haya.

Kezia anasema, "Taata, baba aliyenilea, alikuwa na wivu hata kwangu. Nikiwashinda wenzangu mbio, anasema, hiyo miguu ya Magesa hiyo. Kisha ananuna."

Mwezi uliopita figo za Nathanieli zilichoka. Alilazwa hospitalini. Kezia alikuwa anamkalisha na kumpa uji, na siku moja mzee akamshika mkono.

"Kezia, niambie ukweli. Nani alikuwa mkubwa?"

Binti akafikiri. "Baba Magesa," akasema.

Nathanieli akageukia ukutani.  Halafu akauliza bila kugeuka, "Umejuaje? Hukumwona akipigana."

"Sikumwona, taata. Nilikuwa mtoto. Mguu wake wa kushoto, nyonga inavyotangulia, alivyosimama kwenye tope kule Muleba, yote umenisimulia wewe. Mama Georgina hasimulii. Omary anabisha tu. Ni wewe."

Kezia anasema mabega ya mzee yalianza kutikisika. Alidhani analia. Alipoinama kumtazama, alimkuta anacheka.

Wasikilizaji wapendwa, Nathanieli Buberwa alipumzika usiku huohuo.

Kwa mama Georgina, kwa Kezia na ndugu zake wote, kwa ukoo wa Nyanga, na kwa ndugu wa Magesa kule Ukerewe na Bumbire, tunatoa pole. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, kila mmoja amfikirie yule anayemwonea wivu. Pengine hakuna mtu duniani anayezijua sifa zake vizuri kuliko sisi. Kama bado yu hai, twende tukamwambie.