Watoto Wanne wa Karani wa Masjala

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ameichapa kutoka katika kompyuta ya kaka yake, lakini nimemwomba aketi, naye ameketi kwa shingo upande, kwa sababu mimi ndiye niliyeishi na marehemu miaka arobaini na minne, na yapo mambo ambayo kompyuta hiyo haina.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968, ambako alijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kutomwazima mtu kalamu.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika idara ya maji, akapanda hadi kuwa mkuu wa masjala, akastaafu tarehe 30 Juni 2010, na katika miaka hiyo yote halikupotea faili hata moja, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Sheria yake ilikuwa moja tu, bila hati hakuna faili, na mjane aliyefika dirishani pake bila karatasi alirudishwa, hata kama karani mwenyewe alikuwa amehudhuria maziko ya mumewe.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977. Karatasi ya shemeji inasema tulijaliwa watoto watatu, na hapo ndipo niliponyanyuka kwenye kiti, kwa sababu tulijaliwa wanne: mwalimu, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1979, binti aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1981 akaishi siku kumi na moja, akiwa na jina la mama yangu mzazi, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1983, na kitinda mimba wetu, mpima ardhi, aliyezaliwa tarehe 25 Aprili 1987.

Alipostaafu, marehemu alinunua kompyuta na programu ya kutunza ukoo, ambayo humpa kila anayeingizwa namba yake ya kumbukumbu, na masjala ikahamia sebuleni kwangu. Yeye alikuwa namba 1, mimi namba 2, watoto wetu wanne wakawa 3 mpaka 6, naye akaziandika namba hizo kwa wino mzito nyuma ya picha, juu ya bahasha na ubavuni mwa maboksi thelathini na moja, bila jina hata moja, kwa maelezo kwamba majina hufanana. Akaanza kuniita Namba Mbili mbele za watu, na wageni wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini mke mkubwa anaishi wapi.

Mwezi Julai 2016, akitayarisha kijitabu cha mkutano wa ukoo, alimfuta binti yetu wa siku kumi na moja kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuniambia. Programu ile haiachi pengo, namba iliyofutwa humwangukia anayeingizwa baadaye, na aliyeingizwa wiki ile alikuwa mkwe wetu, fundi magari, mume wa binti yetu fundi umeme, akapewa namba 4. Kijitabu kikatoka, tukakifungua ukumbini watu mia na ushee, na pale palipoandikwa jina la mkwe wetu mwenye masharubu palikuwa na picha ya namba 4, kichanga katika blanketi jeupe, picha pekee niliyonayo ya mwanangu. Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi, na wengi mliocheka mko hapa.

Nilimtaka amrudishe. Alijaribu, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mashine ikampa mtoto namba 1208, naye akasema, "Mtoto wangu wa pili hawezi kukaa nyuma ya wajukuu wa binamu, na maboksi yameshaandikwa," akamfuta mara ya pili mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo nilimpikia, nilimfulia, lakini sikumwita tena baba watoto.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akalazwa mara tatu, na wodini aliipenda sana namba waliyomfunga mkononi. Niliketi kando ya kitanda chake siku kumi na tisa nikingoja aseme neno moja tu juu ya yule mtoto. Alichosema ni kwamba maboksi yasihamishwe, akafariki tarehe 17 Mei 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta viti na kupika, wafanyakazi wenzake wa masjala, ambao shada lao limeandikwa namba yake ya ajira, na zaidi mkwe wangu, ambaye hakucheka siku ile, na kesho yake alikuja jikoni kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Jana mchana fundi umeme aliifungua kompyuta ili aingize tarehe ya kifo cha baba yake, nikamzuia, nikamwambia aanze na dada yake. Mashine ikampa namba 1342, na kwenye nafasi ya hati tukaandika kwamba shahidi ni mama yake mzazi, ambaye yu hai na anahojiwa wakati wowote, ndipo tukamruhusu marehemu afe.

Mwanangu, pumzika kwa amani. Na wewe, baba wa watoto wanne, pumzika, mimi bado nina hasira na wewe.