Historia ya Balbina Matimbwa, Mpika Mafuta ya Mchaichai wa Idete

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu mliokuja na matope haya kutoka Ifakara mjini, anayesimama mbele yenu ni Fidelis, kitinda mimba wa mzee Egidius Matimbwa, na aliyelala hapa ni dada yake aliyemlea mgongoni, kwa hiyo sauti ikikwama mtamvumilia.

Marehemu Balbina alizaliwa hapa Idete tarehe 31 Machi 1962, sikukuu ya Mtakatifu Balbina, ndiyo maana hakuna aliyeumiza kichwa kumtafutia jina, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Egidius na mama Frida, waliohamia bondeni kutoka Mahenge wakifuata mpunga. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari kwa masista huko Mahenge hadi 1980, kisha akahitimu mafunzo ya maabara mjini Morogoro mwaka 1984.

Mwaka 1985 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha utafiti mjini Ifakara, akaanza kwa kuosha vyombo, baadaye akakabidhiwa kazi aliyoipenda kuliko zote, ya kuotesha bakteria kwenye visahani, kuwadondoshea mafuta ya mchaichai, kivumbasi au mkaratusi, na kesho yake kutazama kama tone limezungukwa na duara safi ambamo bakteria wamekufa. Siku duara lilipokuwa pana, nyumbani walijua kabla hajasema, maana aliingia akiimba, na sauti yake, Mungu atusamehe, hata kwaya ya kigango iliwahi kumwomba apumzike.

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa takatifu na mzee Raimundi, fundi seremala wa kijiji cha Kisawasawa, wakajaliwa watoto wawili, Anold na Rosemery, na wajukuu watatu. Alipostaafu mwaka 2022 walirudi hapa, mumewe akamtengenezea mtambo wa kupikia mafuta ya mchaichai kwa pipa na bomba la shaba, mgambo wakauvamia wakidhani ni gongo, wakambeba mzee wa watu hadi ofisini pamoja na chupa ya ushahidi, na aliyejitia kuionja alikohoa hadi machozi yakamtoka, ndipo mzee akaachiwa.

Mafuta hayo yalimfaa jirani yetu Mayunga, ambaye ndama wake walikuwa wanamalizwa na kupe, yakapunguza kupe hao, ingawa ilibidi arudie kupaka kila mara, na marehemu hakuficha jambo hilo. Kila aliyefika kwake aliambiwa kwamba mdudu kufa kwenye kisahani siyo mtu kupona, kwamba mafuta yale hayanywi, na kwamba mwenye kidonda aende hospitali.

Sasa tumefika penye uzito. Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2019, na tarehe 17 Februari mwaka huu wa 2025, akiwa kwenye palizi ya mpunga, jembe lilimkata mguu wa kushoto. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini dada yetu alijiganga, akaosha kidonda akapaka mafuta yake, juu kikafunga, ndani kikaendelea kuoza, hadi tarehe 20 Mei alipofikishwa hospitali hajitambui. Madaktari walimkata mguu, akazinduka, akaongea na sisi vizuri kabisa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, akafariki dunia tarehe 3 Juni asubuhi.

Tangu hapo yamesemwa maneno, na mengine yametoka kwetu sisi upande wa kike, kwamba mzee Raimundi alimfungia mkewe ndani akampaka mafuta mpaka akaoza, na jana walikuwepo waliosema kaburi lisichimbwe kwanza. Basi sikilizeni, kwa sababu tarehe 30 Mei marehemu alituita mimi na Anold kando ya kitanda akaagiza neno lake lisomwe hapa, mbele ya watu, kwamba mumewe alimsihi, akamlilia, akaleta hadi pikipiki ya Mayunga mlangoni, naye akakataa kupanda, akamwapisha asiwaambie watoto, kwa kuwa aliona aibu kupanga foleni na watu aliowafundisha mwenyewe kwamba mafuta hayaponyi kidonda, na kwa kuwa, baada ya miaka yote ile ya kutazama maduara, moyo wake ulishindwa kuamini kwamba mafuta hayo yangemwangusha. Alisema, mume wangu hakuniua, ni ubishi wangu, na mwenye kidonda asinifuate.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake, majirani, na wewe Mayunga uliyempakata njia nzima siku ile ya kumpeleka hospitali.

Kwa mila ya ukoo wetu, udongo wa kwanza hutupwa na mjomba. Mjomba Hilari, baada ya kusikia agizo hili usiku wa jana, ametoa nafasi yake. Shemeji Raimundi, inuka baba, uje umzike mkeo, upande wa kike hauna neno na wewe.

Dada Balbina, tumeyasema yote kama ulivyotaka, pumzika kwa amani.